Barua ya Wazi: Mbuga za Simanjiro Zina Wenyewe

Kwa viongozi wote wenye dhamana ya ardhi, mifugo na wanyamapori, kuanzia wilayani hadi wizarani.

YAH: KULIMWA KWA MBUGA ZA MALISHO NA MAZALIO YA NYUMBU KATIKA NYANDA ZA SIMANJIRO

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mfugaji, mkazi wa mojawapo ya vijiji vilivyo mashariki ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, mkoani Manyara. Naandika hadharani kwa sababu njia nyingine tumezipita zote. Haya nitakayoyasema yamesemwa katika mikutano ya vijiji, yamepelekwa kwa maandishi katika ofisi zinazohusika, na yamerudiwa mbele ya wageni wengi waliokuja kutuhoji. Kila mara tuliambiwa suala letu linafanyiwa kazi. Wakati huo wote matrekta yameendelea kuingia mbugani.

Neno langu kubwa ni hili: mbuga hizi hazina mashamba kwa sababu zina matumizi mengine. Serikali ikiendelea kuihesabu ardhi isiyo na shamba wala nyumba kuwa ardhi isiyotumika, wananchi watailima ili wasinyang'anywe. Hapo mfugaji atakosa malisho, nyumbu atakosa pa kuzalia, na Tarangire itabaki na mipaka yake na wanyama wachache.

Nianze na kazi ya mbuga hizi, maana viongozi wengi huzipita kiangazi zikiwa zimekauka, na ni rahisi mtu kudhani hakuna kitu.

Tarangire ni makao ya kiangazi. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, ina kilomita za mraba zipatazo 2,850, na kinachowakusanya wanyama humo ni Mto Tarangire, ambao hubaki na maji wakati kwingine kumekauka. Mvua zikianza, kuanzia Novemba, nyumbu na pundamilia hutoka nje ya hifadhi. Baadhi huelekea kaskazini kupitia Kwakuchinja na nyanda za Gelai hadi upande wa Ziwa Natron. Wengine huja mashariki, huku kwetu. Wanachokifuata ni majani mafupi ya Simanjiro, ambayo yana fosforasi na kalsiamu nyingi kuliko majani ya ndani ya hifadhi, na jike anayenyonyesha anayahitaji madini hayo ili ndama wake akue. Jambo hili si geni kwa wataalamu. Hugh Lamprey, mtafiti wa wanyamapori, alianza kufuatilia nyendo za wanyama wa Tarangire mwishoni mwa miaka ya 1950, na waliokuja baada yake wamepima majani na udongo, wakaeleza kwa nini wanyama hawa hawawezi kuishi mwaka mzima ndani ya mipaka iliyochorwa kwenye ramani.

Kati ya Januari na Machi nyumbu huzaa. Huchagua uwanda mtupu usio na vichaka, mahali ambapo fisi na simba huonekana wakiwa mbali, nao huzaa karibu kwa pamoja, ndama wengi ndani ya majuma machache. Pamoja nao utawaona pundamilia, swala granti, pofu, choroa, mbuni na tandawala. Ndege hao na hao swala si wa msituni. Ukiwaletea mahindi au ukiwapandia miti, umewahamisha.

Nasi wafugaji tuna kalenda yetu, na imefungamana na hiyo ya nyumbu. Miezi anapozaa, tunaondoa ng'ombe kwenye majani mafupi ingawa ndiyo bora kuliko yote. Ndama wa nyumbu hubeba virusi ambavyo yeye havimdhuru, lakini ng'ombe akivipata huugua macho na pua, homa ikampanda, akafa, tiba haipo. Sisi twauita ugonjwa wa nyumbu, na kila mtoto anayechunga anaujua. Kwa hiyo tunampisha. Tunahamia kwenye ronjo, yaani kambi za muda za mifugo, huko pembeni, penye vichaka na majani marefu, na ndama wa nyumbu wakishakua tunarudi mbugani. Karibu na boma tunatunza olopololi, yaani malisho ya akiba, kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu, na hairuhusiwi kuingiza mifugo mingine humo mpaka wakati wake ufike. Afisa anayefika Februari asione ng'ombe, au anayefika Septemba asione nyumbu, kisha akaandika kwamba eneo halina matumizi, ameandika jambo lisilo kweli kuhusu ardhi inayosimamiwa kwa taratibu kali kuliko mashamba mengi.

Sensa za angani zimeonyesha hasara iliyokwisha kupatikana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nyumbu wa ikolojia ya Tarangire walihesabiwa kuwa zaidi ya 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa kama 5,000. Hesabu za baadaye zilipanda kidogo, na hilo latutia moyo kwamba bado kuna cha kuokoa, lakini hazijakaribia zile za zamani. Ujangili ulichangia, ukame ulichangia, na kulimwa kwa mbuga na kuzibwa kwa mapito kulichangia pia. Mambo yanayotusumbua leo ni haya.

1. Sheria inayomlazimisha mtu kulima

Naanza na hili kwa sababu ndilo mzizi, na ndilo linaloongelewa kwa nadra.

Bunge lilipitisha sheria mbili mwaka 1999. Sheria ya Ardhi Na. 4, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, yaani ile inayosimamiwa na serikali kuu, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, inayotuhusu sisi moja kwa moja, haisemi hivyo. Inaigawa ardhi ya kijiji katika sehemu tatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi inayomilikiwa na watu au kaya, na ardhi ya akiba inayoweza kugawiwa baadaye. Wanasheria wamelijadili pengo hili kwa miaka mingi. Mwananchi wa kawaida hajazisoma sheria hizo, lakini anajua maana yake vizuri: ardhi isiyo na alama ya jembe inaweza kusemwa haina mtu.

Na ana sababu ya kuamini hivyo. Wazee wetu wana ndugu waliotolewa katika hifadhi ya Mkomazi mwaka 1988. Mwaka 2022 sote tulifuatilia uwekaji wa alama za mipaka Loliondo, ambako kilomita za mraba 1,500 zilitengwa kuwa pori tengefu, yaani eneo la wanyamapori lenye masharti ya serikali. Sizungumzii hapa nani alikuwa na haki katika kila tukio. Nasema tu kile ambacho matukio hayo yalimfundisha mfugaji wa Simanjiro. Alijifunza kwamba mbuga aliyoitunza vizuri kiasi cha kuwavutia wanyama inaweza kugeuka kuwa sababu ya yeye kuondolewa, na kwamba shamba la mahindi, hata likikauka, linahesabika kuwa ushahidi.

Ndiyo maana mnawaona watu wasio wakulima wakilima. Wapo wanaolima ekari kumi mwaka baada ya mwaka bila kuvuna gunia la maana. Wanajua mahindi hayatakomaa. Wanapanda umiliki. Watafiti waliofika Simanjiro wameliandika hili, na nanyi mkiwauliza wananchi kwa faragha watawaambia hivyohivyo. Mkiwalaumu kwa kuharibu mazingira bila kuiondoa hofu hii, hamtasikilizwa hata na mtu mmoja.

2. Ugawaji wa ekari katikati ya mbuga

Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema halmashauri ya kijiji haitagawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Tunachokishuhudia mara nyingi ni kinyume: ekari zinapimwa kwanza, mkutano unaitwa baadaye, au hauitwi. Wanaopewa si lazima wawe wakazi. Wengine ni watu wenye uwezo mjini ambao wanamlipa mtu wa trekta kwa simu, wanajaribu bahati ya mvua, na wakishindwa misimu miwili wanauza au wanatelekeza.

Nawaomba mlielewe vizuri dhara la mashamba madogo yaliyotawanyika. Shamba moja kubwa pembezoni mwa uwanda laweza kuzungukwa. Mashamba kumi madogo yaliyoachana kilomita moja moja yanavunja njia nzima, kwa sababu nyumbu hapiti nafasi nyembamba penye mbwa, watu na kelele akiwa na ndama wa siku mbili. Tembo naye hupita. Tena hupita ndani ya mahindi, na kesho yake tunasikia kwamba tembo amevamia makazi ya watu.

Udongo nao una mipaka yake. Mvua zetu ni kama milimita 600 kwa mwaka zikiwa nzuri, na hazina ahadi. Nyasi za kudumu zimeushika udongo huo kwa mizizi. Ukizigeuza kwa jembe, ukaacha shamba baada ya misimu mitatu, hayarudi majani yaleyale. Yanaota magugu ambayo ng'ombe hawayataki, na upepo wa kiangazi unachukua kilichobaki juu. Mbuga iliyolimwa mara moja yahitaji miaka mingi kupona, na wakati huo haina faida kwa mkulima, wala mfugaji, wala nyumbu.

3. Maji yanayochimbwa mahali pasipofaa

Hili naliandika kwa uangalifu kwa sababu hakuna mfugaji anayekataa maji. Lakini mahali pa kuchimba lambo ni uamuzi wa ardhi kabla haujawa uamuzi wa maji. Kinachoilinda mbuga ya majani mafupi ni kwamba haina maji ya kudumu: sote, binadamu na wanyama, huondoka mvua zinapoisha, na majani yanapumzika. Lambo likichimbwa katikati yake, mifugo haiondoki tena. Boma la kudumu linafuata, duka linafuata boma, shamba linafuata duka. Miradi ya namna hii huzinduliwa kwa ngoma na hotuba, na wazee waliopendekeza sehemu nyingine hawasikilizwi kwa sababu mkandarasi ameshalipwa. Tunataka maji, mengi, karibu na makazi yaliyopo na kwenye maeneo ya ronjo. Mazalio ya nyumbu yaachwe.

4. Faida inakwenda kwingine

Mtalii akimpiga picha nyumbu ndani ya hifadhi, nyumbu yule amezaliwa kwenye ardhi ya kijiji na amelelewa kwa majani ambayo ng'ombe wa mtu waliyaacha. Mlango wa hifadhi unakusanya kiingilio. Kijiji kilichomzaa kinapata simba zizini na barua za kukumbushwa wajibu wa uhifadhi. Kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo kwa waliodhuriwa na wanyamapori, kipo kwenye kanuni tangu mwaka 2011; anayekidai husubiri muda mrefu mno, na wengi wameacha kudai.

Mfano wa haki umeshawahi kuonekana hapahapa. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni kadhaa za utalii zilikubaliana na kijiji cha Terrat: kijiji kilipwe fedha kila mwaka, na eneo lililokubaliwa la mbuga lisilimwe, lisichomwe mkaa, wala lisijengwe makazi ya kudumu. Malisho yaliruhusiwa kama kawaida. Ardhi haikubadili mwenyewe. Vijana wa kijiji wakawa walinzi. Baadaye mpango huo ulifika kijiji cha Sukuro. Haukuwa mkubwa na haukutatua kila kitu, lakini ulikuwa na kitu ambacho mipango mikubwa imekosa: mwananchi alilipwa kwa kuiacha mbuga ilivyo, bila kuombwa aikabidhi.

5. Ujangili wa usiku

Wanakuja kwa pikipiki, wanawamulika wanyama kwa taa kali, wanawapiga, wanapakia nyama kabla ya alfajiri. Walinzi wa vijiji wanaifahamu njia yao lakini hawana mafuta ya kuwafuata, na mara nyingine hata simu ya kuita msaada haipokelewi. Katika hili hakuna ubishi wa sera. Panahitajika mafuta na mtu wa kupokea simu.

Waheshimiwa, nayajua majibu tutakayopewa, maana tumeshapewa.

Tutaambiwa watu wanaongezeka na lazima wale. Ni kweli. Lakini kwa mvua zetu ng'ombe, mbuzi na kondoo ndio chakula cha uhakika, kwa sababu wanaweza kuhama kuifuata mvua. Shamba haliwezi. Ukame wa 2009 na ule wa mwisho wa 2021 hadi mwanzo wa 2022 uliua makumi ya maelfu ya mifugo, na sehemu ya msiba ule ilitokana na kwamba malisho ya akiba tuliyokuwa tukiyakimbilia yalikuwa yameshageuzwa mashamba. Hata mashamba hayo hayakutulisha mwaka ule.

Tutaambiwa vijiji vyenyewe ndivyo vinavyogawa ardhi. Ni kweli pia, na sitawatetea viongozi wa vijiji wanaouza malisho ya watoto wetu. Wachukuliwe hatua. Ila kijiji kisicho na mpango wa matumizi ya ardhi uliosajiliwa, kisicho na ramani wala hati, kinafanya maamuzi gizani, na kukipatia vitu hivyo ni kazi ya ngazi za juu.

Tutaambiwa fedha hazipo. Kupima mbuga mara moja ni gharama ndogo ukiilinganisha na kusuluhisha ugomvi wa wakulima na wafugaji kila msimu, tena ugomvi unaoacha maiti, kama walivyoona majirani zetu wa Kiteto.

Na mwisho tutaambiwa basi mbuga zichukuliwe ziwe eneo la hifadhi, mifugo itoke, tatizo liishe. Hili ndilo jibu ninaloliogopa kuliko yote, na naomba lisikilizwe kwa makini. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza kulisha mifugo ndani ya pori tengefu bila kibali cha maandishi. Mkizifanya nyanda zetu pori tengefu, mmemtoa mlinzi wa kwanza wa mbuga, aliyempisha nyumbu kwa hiari yake miaka yote. Tena mmewafundisha wananchi wa nyanda nyingine zote kwamba wawahi kulima. Wala si kweli kwamba mifugo ni adui wa kila kiumbe cha uwanda. Engikaret, wilayani Longido, kuna kipozamataza wa aina yake anayejulikana katika nyanda hizo chache tu za majani mafupi, na ufupi wa majani hayo unatokana kwa sehemu kubwa na malisho ya ng'ombe na mbuzi. Ondoa mifugo, majani yarefuke, na ndege huyo hana pa kwenda.

Tunachokiomba ni hiki.

Kwanza, ugawaji wowote mpya wa mashamba katika mbuga za malisho na mazalio ya nyumbu usimame mara moja, mpaka kila kijiji husika kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu wake. Mgawo uliofanyika bila mkutano huo uchunguzwe na ubatilishwe kwa mujibu wa sheria.

Pili, malisho ya pamoja yapewe hati za hakimiliki za kimila kwa jina la jamii. Jambo hili linawezekana: Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipewa hati ya namna hiyo mwaka 2011. Na kwa kuwa malisho yetu yanavuka mipaka ya vijiji, yapangwe kwa pamoja kama walivyofanya wanavijiji wa Lerug, Ngapapa na Orkitikiti wilayani Kiteto, waliounganisha malisho yao na kuyaita OLENGAPA. Maafisa wetu wa ardhi wapelekwe wakaone.

Tatu, wizara inayohusika na ardhi itoe tamko la maandishi kwamba malisho ya msimu, ronjo na olopololi ni matumizi ya ardhi, na kwamba hakuna ardhi ya kijiji itakayohesabiwa kuwa haitumiki kwa sababu haijalimwa. Kisha ipeleke bungeni marekebisho ya kuoanisha sheria hizo mbili za 1999. Hili likifanyika, naamini nusu ya mashamba ya hofu yataachwa na wenyewe.

Nne, shoroba (mapito ya wanyama) na maeneo ya mtawanyiko wa wanyama yatambuliwe chini ya Kanuni za Shoroba za Wanyamapori za mwaka 2018 kwa makubaliano na vijiji, na ardhi ibaki kuwa ya vijiji. Ramani zijadiliwe hadharani kabla hazijatiwa saini.

Tano, sehemu ya mapato ya utalii ya ikolojia hii irudi moja kwa moja kwa vijiji vinavyoziacha mbuga bila kulimwa, kwa mikataba inayosomeka na yenye kiasi na tarehe ya malipo.

Sita, kabla ya kisima au lambo lolote kuchimbwa mbugani, wazee wa malisho, wanawake wanaochota maji na mtaalamu wa wanyamapori wakae pamoja waonyeshe mahali.

Hatuombi kuwa juu ya sheria, wala hatuombi kuachwa na uhifadhi. Tunaomba kuhesabiwa kuwa wahifadhi kisheria, na mbuga hizi ziandikwe kwa kazi zinayoifanya.

Tunaomba jibu la maandishi, lisomwe katika mikutano mikuu ya vijiji na kubandikwa kwenye mbao za matangazo, likitaja ofisi itakayotekeleza kila jambo na tarehe yake. Lije kabla ya msimu ujao wa kulima, maana kila mwaka mistari ya trekta husogea zaidi kuelekea mazalio.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji na mkazi wa Nyanda za Simanjiro

Nakala: Wenyeviti wa vijiji vya nyanda za malisho, kwa ajili ya kusomwa mikutanoni.